Bei ya Kutorudi Nyuma

Jumamosi, 7 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imeanza kabla hatujamaliza kupanga meza. Leo pia ndipo ligi yetu imefunguliwa, nami nimejiwekea wajibu wa kuandika yatakayotokea hadi kitabu kiende kwa mpiga chapa mwishoni mwa Mei. Toleo la kwanza la mchezo wetu lilichapwa bila ya mtu kulitazama kwa jicho kali. Toleo la pili halitachapwa hivyo.

Ili nisije nikajidanganya baadaye, naweka bayana mambo yalivyo. Ni mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari, dadu na utepe wa kupimia. Historia za majeshi naziandika mimi. Bei huziweka shemeji yangu, mwalimu wa hesabu: kila askari ana thamani yake kwa alama, na kila mchezaji hupewa alama mia tisa za kununulia jeshi. Askari hodari ni ghali, dhaifu ni rahisi. Kwa nadharia, jeshi lolote likikutana na lolote, mizani hukaa sawa.

Tunachezea chumba cha juu cha duka la kinyozi, juu ya milango miwili mikuukuu iliyolazwa kwenye matendegu. Wachezaji ni wanane, ila watakaohusika na maandishi haya ni watatu: shemeji, kinyozi mwenyewe, na mdogo wangu, mkunga, ambaye ni mke wa shemeji. Tangu nyumba ya mama iuzwe, mimi na mdogo wangu hatuna mahali pengine pa kukutana ila hapa. Zamu zake za wodini na kazi yangu ya kuhariri hukumu za mahakama zimeligawa juma letu vipande vipande, na kipande pekee kilichobaki cha pamoja ni Jumamosi alasiri.

Yeye huongoza Walinzi wa Lango. Kwa mujibu wa historia niliyoiandika, mji ulipovamiwa, Walinzi walisimama langoni hadi akabaki mmoja, wala hakuna aliyepiga hata hatua moja kurudi nyuma. Ni ukurasa ambao sijaona haja ya kuugusa. Leo wamepigwa na Wachukuzi wa kinyozi, ambao katika historia hiyohiyo ni watu wa kubeba mizigo na kutimua mbio.

“Dada,” kinyozi alimwambia akikusanya dadu, “hawa wageni wako leo ni siku ya tatu. Wape jembe.”

Mdogo wangu alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua. Ameshindwa tena, safari hii na shemeji.

Jumanne, 17 Machi

Ushindi wa watu dhaifu dhidi ya watu hodari, ukitokea mara moja, ni dadu. Ukitokea mfululizo, unahitaji maelezo. Yapo maelezo matatu: ama mchezaji ni mbaya, ama sheria ina kasoro, ama historia ni uongo. La tatu naliondoa. Nitaanza na la kwanza, kwa kuwa ndilo rahisi kuthibitisha.

Jumamosi, 21 Machi

Nimeketi mkabala wa meza yake mchezo mzima bila kuchangia neno. Maelezo ya kwanza yameanguka. Mdogo wangu anacheza vizuri. Hupima kabla ya kusogeza, hakurupuki, na huiona hatari mapema kuliko wengi wetu. Nadhani wodi imemfundisha.

Mezani huwekwa nguzo tano, na anayeshika nguzo nyingi mwisho wa mchezo ndiye mshindi. Walinzi wana sheria yao pekee, iliyotolewa katika sentensi yangu: hawarudi nyuma. Yaani mchezaji haruhusiwi kumsogeza askari wa Lango kuelekea ukingo wa meza alikotokea. Walinzi wakipita nguzo, nguzo ile imewapita nao. Kinyozi alituma Wachukuzi watatu wembamba kuzunguka pembeni, wakasimama nyuma ya jeshi zima la mdogo wangu, wakazishika nguzo mbili kama watu wanaongoja zamu ya kunyolewa. Walinzi wakabaki wamewapa migongo, wenye mikuki na ngao, wasioweza kugeuka.

“Mlango umefungwa barabara, dada,” kinyozi alisema. “Mimi nimepitia dirishani.”

“Ungebisha hodi angalau,” mdogo wangu alimjibu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mwavuli ukivuja upande mmoja, nikijiuliza kwa nini kizuizi cha aina ile kiwe cha askari walio ghali kuliko wote kitabuni.

Jumamosi, 28 Machi

Kama juzi na majuzi.

Jumamosi, 4 Aprili

Tulipokuwa tukishuka ngazi mdogo wangu alinisimamisha chini ya kibaraza cha duka. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba tulilazimika kusogeleana ili kusikilizana.

“Kaka, nikimaliza msimu bila ushindi hata mmoja, jeshi nitampa mtu, na mimi nitapumzika.”

Nilimwambia kuwa hasira si mshauri mwema.

“Si hasira. Ninayo Jumamosi moja tu kwa wiki. Nikae nayo nikipigwa?”

 Akafungua mwavuli wake akaondoka na mumewe. Shemeji aligeuka akanitazama, kisha akatazama matope.

Jumatano, 8 Aprili

Leo nimemfuata shemeji shuleni, kipindi chake cha mapumziko. Tulikaa katika darasa tupu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, ubao bado una pembetatu za wanafunzi.

Ni lazima niandike kwanza juu ya mwafaka wetu, maana kila kitu kimeegemea hapo. Tulipoanza, tulikubaliana kwamba historia na hesabu zisilale chumba kimoja. Mimi humpa karatasi kavu: kasi ya askari, silaha, ngao, sheria yake ya pekee. Yeye huweka bei kwa hayo tu. Historia huisoma baada ya kufunga hesabu. Kwa utaratibu huo tulijiona tumewashinda watunzi wote wanaowapendelea mashujaa wao.

Nikamwomba aniwekee ubaoni hesabu ya Mlinzi mmoja wa Lango. Alifuta pembetatu, akaandika bila kusita: mkuki, ngao, mwendo wa pole. Jumla ikawa kumi na mbili.

“Kitabuni ni kumi na tano,” nilisema.

“Ndiyo.”

“Tatu zimetoka wapi?”

Alikung'uta chaki mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Kutorudi nyuma.”

“Kutorudi nyuma ni kizuizi, shemeji. Ni mguu uliofungwa kamba. Hakuna mtu anayelipia kamba.”

“Najua.”

“Sasa ukawatoza?”

Akaketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yake yakigusa ubao wa chini. “Niliisoma historia kwanza,” alisema. “Uliacha kurasa kwetu, mke wangu alikuwa anaisoma kwa sauti huku akipika. Ningeziba masikio? Nilipofika kwenye bei nikaona aibu. Watu waliokufa vile, niwauze kumi na mbili? Bei ya mchukuzi na nusu?”

“Na Wachukuzi je?”

“Hao uliwaandika kama takataka. Niliwapa nane. Wana miguu ya kumi.”

Sikumkaripia. Nilibaki nikiutazama ubao, na hali ilikuwa wazi kama hukumu iliyoandikwa vyema: Walinzi hawashindwi kwa sababu historia ni uongo. Wanashindwa kwa sababu mweka bei aliiamini. Tumewatoza sifa zao wenyewe. Kila mara mdogo wangu anapopanga jeshi, hulipa sehemu ya tano ya alama zake kwa ajili ya ukurasa wangu mmoja, na kwa malipo hayo hapati mkuki hata mmoja.

Kengele ililia. Wanafunzi wakaingia wamelowa, shemeji akainuka akafuta kila kitu.

Jumamosi, 11 Aprili

Mdogo wangu yuko zamu. Nilifika mapema, nikamkuta kinyozi hana mteja, nikaketi anipunguze nywele. Huyu mtu nimemhesabu kwa miaka kuwa ni bingwa wa mizaha na mvivu wa kusoma. La pili ni kweli.

“Kwa nini ulichagua Wachukuzi?” nilimwuliza.

“Inamisha kichwa. Mimi historia sijasoma, mhariri. Nimesoma bei. Nikaona watu rahisi wenye miguu, nikasema hawa ndio.”

“Hujui nilivyowaandika?”

“Nasikia umewatukana.” Aliupuliza wembe. “Haidhuru. Walinilisha ubingwa misimu miwili. Mtu akinilisha simwulizi kwao walikuwa nani.”

Katika watu wanane wa chumba kile, yeye peke yake ndiye aliyekisoma kitabu chetu kama kilivyo, pasipo kuongozwa na mapambo yangu. Wengine sote, mweka bei akiwa wa kwanza, tulikuwa mateka wa ukurasa. Nimetafakari jambo hili hadi nimesahau kumwachia bahashishi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimemweleza mdogo wangu, shemeji akiwapo. Nilipanga maneno kwa utaratibu: kosa, chanzo chake, marekebisho. Aliposikia kuwa mumewe aliona aibu, alimgeukia.

“Kumbe ni wewe, mwalimu. Mwaka mzima nalala na adui yangu.”

“Niliwaheshimu,” shemeji alisema.

“Basi waheshimu kidogo.”

Alicheka, nikadhani mambo yamekwisha. Nilipotaja kwamba toleo la pili litarudisha bei kwenye kumi na mbili, aliacha kucheka.

“Hapana.”

“Ni kosa la hesabu,” nilisema.

“Ni kosa mliloliona baada ya mimi kusema nitaondoka. Mlikuwa wapi mwaka jana? Nikishinda baada ya hapo, kila mtu atajua nimepunguziwa. Sitaki kuhurumiwa, kaka. Ukipunguza bei kwa ajili yangu sitawashika tena.”

“Bei haina habari na wewe.”

“Wewe unayo.”

Shemeji alianza kuhesabu dadu ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Mvua iligonga mabati. Mchezo wa leo nao alishindwa, kwa nguzo moja, akanawa mikono kama aliyemaliza kazi, akaenda.

Jumamosi, 25 Aprili

Hakuja. Zamu.

Jumamosi, 2 Mei

Hakuja. Shemeji anasema si zamu, amechoka tu. Maji yameingia chini ya mlango wa duka, na kinyozi amesomba kwa ndoo akilaani baraza la mji kwa lugha ambayo sitainakili.

Nimecheza michezo miwili. Siwezi kukumbuka ni nani aliyeshinda wa pili.

Jumamosi, 9 Mei

Amerudi. Ameshindwa. Amebakiza mchezo mmoja, na mpinzani ni kinyozi.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua imepungua; imekuwa ya manyunyu, ile isiyomzuia mtu kutoka wala kumruhusu. Chumba kilijaa. Habari kwamba mkunga anacheza mchezo wake wa mwisho ilikuwa imefika hata kwa wateja wa kinyozi, na wawili walipanda ngazi na shuka za kunyolea zingali shingoni.

Mdogo wangu aliwapanga Walinzi wote sitini mstari mmoja kwenye ukingo wake wa meza, bega kwa bega. Kisha hakusogeza hata mmoja. Mzunguko wa kwanza akasema, “Napita.” Wa pili akasema, “Napita.”

“Dada, wamelala?” kinyozi aliuliza.

“Wanakusubiri.”

Kinyozi alichukua nguzo zote tano, akicheka, kisha akaacha kucheka, maana ilimbidi awatawanye watu wake kila pembe. Mzunguko wa tatu Walinzi walianza kutembea. Wote, kwa pamoja, kipimo kilekile, kama mtu anayefunga pazia. Ndipo nilipoelewa. Jeshi lisiloweza kurudi nyuma halipaswi kuacha kitu nyuma yake. Nguzo ya kwanza ikapatikana, ya pili, ya tatu. Kwa kila nguzo aliacha askari mmoja, ukuta ukaendelea. Wachukuzi hawakuwa na pa kuzungukia. Mzee mmoja mwenye nusu ya ndevu alisema kwa sauti ya chini, “Huyu mama ana akili,” na hakuna aliyemnyamazisha.

Lakini ukuta wa watu sitini haukutosha meza. Kila mtu aliyeachwa nguzoni, na kila aliyeanguka, aliupunguza, na upande wa kushoto, kati ya Mlinzi wa mwisho na ukingo, likabaki pengo la upana wa kiganja. Kinyozi aliliona.  Akapitisha Wachukuzi wanne pale, mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya ukuta wakamwondoa aliyeachwa kulinda, wakairudisha nguzo moja. Walinzi hawakuweza kugeuka.

Nguzo tatu kwa mbili. Kinyozi alimpa mkono.

“Ungekuwa na watu kidogo tu zaidi,” alimwambia, “leo ningelala na viatu.”

“Sikuwa nao,” mdogo wangu alisema.

Aliwapanga Walinzi ndani ya sanduku lao kwa utulivu uleule anaopimia kila hatua. Aliponipita mlangoni alinishika kiwiko kidogo, hakusema kwaheri wala tutaonana.

Nimefanya hesabu niliporudi. Kwa bei ya kumi na mbili, alama mia tisa hununua askari sabini na watano. Kumi na tano wangeziba pengo lile, wakabaki na wa akiba.

Jumatano, 20 Mei

Nilimngoja kwenye lango la hospitali, zamu yake ilipoisha. Alitoka amevaa koti la mvua juu ya sare, akashtuka kuniona siku isiyo Jumamosi.

“Kuna msiba?”

“Hakuna. Kesho kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa. Nimekuja kukwambia kabla, usije ukasikia kwa mumeo. Bei inashuka.”

Alinitazama.

“Sishushi kwa ajili yako,” nilisema. “Ulikataa, na kukataa ni haki yako. Lakini yupo mtu, simjui, atakayefungua kitabu hiki na kuwapenda watu hawa kama ulivyowapenda. Yeye hajakataa chochote. Siwezi kumtoza sifa kwa sababu mdogo wangu hataki kuhurumiwa.”

“Na mimi?”

“Wewe fanya utakavyo.”

Akafunga kifungo cha juu cha koti. “Mama alikuwa akisema wewe unaweza kusahihisha hata salamu.”

“Alisema mara nyingi.”

“Hakuwa anakusifu, kaka.”

Gari la wagonjwa lilipita, tukasogea ukutani. Kisha akaenda zake upande wa kituo, nami wa kwangu.

Alhamisi, 21 Mei

Kitabu kimekwenda. Shemeji alitaka bei ishuke hadi kumi, kwa hoja kwamba kamba mguuni inastahili fidia. Nilimjibu kwamba tatu tumezithibitisha kuwa kosa. Mbili zaidi ni huruma hadi zijaribiwe. Alikubali kwa shingo upande.

Historia ya Walinzi sikuigusa. Ya Wachukuzi nimefuta neno moja, “waoga,” na kuongeza sentensi: kwamba mji ulipoangamia, wao ndio waliotoka na watoto mgongoni. Nilipoiandika niligundua kuwa daima ilikuwa kweli, ila hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 23 Mei

Hakuja. Kinyozi hakumruhusu mtu kuketi kwenye kiti cha mdogo wangu. “Nimekosa mtu wa kunichosha,” alisema, na akashinda michezo yote kwa uso wa mtu anayelipa kodi.

Jumamosi, 30 Mei

Jua. Barabara zimekauka zikaacha ganda. Hakuja.

Nilimwuliza shemeji kama amenuna.

“Hajanuna.”

“Sasa?”

“Haongei na mimi habari za mchezo. Amenikopa utepe wa kupimia.”

Nilisisitiza aeleze zaidi. Alisema kwamba, kama mwalimu, hatoi majibu ya mtihani wa mtu mwingine.

Jumamosi, 6 Juni

Nilikuwa wa kwanza kufika. Nilisikia ngazi zikilia, nikadhani ni kinyozi.

Alikuwa mdogo wangu, na sanduku la Walinzi kwapani. Juu ya sanduku alibeba boksi la glavu za hospitali. Aliliweka mbele yangu bila salamu, labda asije akasahihishwa. Ndani yake walikuwamo askari kumi na tano, wapya, wa kijivu kitupu, pamoja na vikopo vya rangi na brashi nyembamba.

“Nimepima meza,” alisema. “Wanatosha.”

“Nimefurahi kusikia.”

“Usifurahi bado. Hawa umewaita wewe. Wapake.”

Nilimwambia kwamba mkono wangu si wa brashi, na kwamba kazi mbaya ingeliharibu jeshi zima.

“Utajifunza,” alisema, akivuta kiti. “Jumamosi ziko nyingi.”

Tukakaa hadi wengine walipofika, yeye akipanga ukuta wake, mimi nikipaka. Wa kwanza alipokauka kidogo alimwinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema macho yake ni ya mtu aliyechelewa kazini. Nilimchunguza. Ilikuwa kweli. Nimemfuta, nimempaka upya, na wamebaki kumi na wanne.